Treni ya Waridi ya Mwaka 1957: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Uraibu wa Kukusanya Treni za Mfano

Mwaka 1957 kampuni ya Lionel ya Marekani, iliyokuwa imeanzishwa mjini New York mwaka 1900 na kujipatia jina kwa treni za umeme za kuchezea, iliingiza katika orodha yake ya bidhaa seti moja iliyokusudiwa wasichana. Kichwa chake cha mvuke kilipakwa rangi ya waridi kuanzia pua hadi kibanda cha dereva, na kigari cha makaa kilichokifuata kilikuwa cha waridi vilevile. Nyuma yao yalipangwa mabehewa matano: moja la wazi, la waridi, moja la kumwagia makaa, la zambarau iliyopauka, mawili ya mizigo yaliyofunikwa, moja la manjano na jingine la buluu iliyokaribia kijani, na mkiani behewa la walinzi, la samawati. Seti ilipewa namba 1587S na bei ya dola 49.95, kiasi ambacho familia ya kawaida wakati ule haikukitoa bila kufikiri. Wakusanyaji wa leo huiita seti ya wasichana, au kwa jina la Lady Lionel. Ilipotoka, wanunuzi walikuwa wachache mno.

Kosa halikuwa la mitambo. Chini ya rangi ile kulikuwa na kichwa namba 2037, chenye magurudumu mawili madogo mbele, sita makubwa ya kusukuma katikati na manne nyuma, ambacho katika rangi nyeusi kilikuwa miongoni mwa vichwa vya kawaida kabisa vya kampuni hiyo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba msichana anayetaka treni hutaka kitu kisichofanana na treni. Maelezo yanayokubaliwa na wakusanyaji wengi ni kwamba wasichana waliovutiwa na reli walitaka mashine nyeusi kama za kaka zao, na wale wasiovutiwa na reli hawakubadilishwa na rangi. Seti ilibaki katika orodha ya mwaka 1957 na ya 1958, kisha ikaondolewa. Wakusanyaji husimulia mpaka leo kwamba wenye maduka waliobaki na mzigo huo walivipaka vichwa vile rangi nyeusi ili wapate kuviuza, na hata kama simulizi hiyo imetiwa chumvi, inaonyesha jinsi bidhaa hii ilivyodharauliwa sokoni.

Leo seti hiyohiyo, ikiwa kamili na ndani ya maboksi yake ya asili, huuzwa kwa maelfu ya dola.

Nimekichagua kisa hiki badala ya kingine chenye sifa kubwa zaidi kwa sababu kinaondoa mapema utetezi ambao kila mkusanyaji huuanza nao, yaani kwamba anakusanya kwa kuwa anapenda. Mtu anayetafuta ile treni ya Kijerumani ya Märklin iitwayo Krokodili, mfano mdogo wa kichwa cha umeme cha Uswisi kilichovuta mizigo katika njia ya mlima ya Gotthard, anaweza kusema kwamba kile ni kitu kizuri, kilichotengenezwa kwa ustadi, kikapendwa tangu kilipotoka katika kipimo kidogo cha treni za mfano kiitwacho H0 mwaka 1947, naye anakipenda kama wengine. Hatuna haja ya kubishana naye. Treni ya waridi haina utetezi huo. Wengi wanaoiwania leo ni wanaume waliokuwa watoto katika miaka ya 1950, ambao wakati ule wangeona aibu kuletewa zawadi ile, na wapo wanaokiri wazi kwamba hata sasa hawaioni kuwa nzuri. Basi ni nini kinachowavuta? Jibu langu, ambalo nitalifafanua kwa kufuata mabehewa yenyewe, ni kwamba mvuto uko katika nafasi iliyo wazi kwenye orodha, na treni ni kizibo tu cha nafasi hiyo.

Tuanze na yale mabehewa mawili yaliyofunikwa, kwa kuwa ndiyo mlango ambao watu wengi huingilia bila kukusudia. Mwaka 1953 Lionel ilianza kutoa mfululizo wa mabehewa ya mizigo ya plastiki yenye umbo moja na namba moja ya msingi, 6464, kila moja likiwa na rangi na nembo ya kampuni halisi ya reli ya Marekani na likitofautishwa na mwenzake kwa tarakimu za nyongeza. Lile la kwanza, la Western Pacific, lilikuwa 6464-1; likafuata la Great Northern, 6464-25; kisha la Minneapolis & St. Louis, 6464-50, na la Rock Island, 6464-75. Mfululizo uliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa mtengenezaji huo ulikuwa ujanja wa kawaida wa kupunguza gharama, kwani chuma kimoja cha kufinyangia kilizaa bidhaa nyingi kwa kubadili rangi na maandishi tu. Kwa mtoto ilikuwa furaha ya kupata behewa jipya kila Krismasi. Kwa mtu mzima aliyerudi kwenye treni miaka 20 baadaye, akiwa na mshahara na rafu tupu ukutani, ilikuwa orodha yenye mwanzo na mwisho, inayoweza kukamilishwa.

Maneno hayo mawili, "inayoweza kukamilishwa", yanabeba sehemu kubwa ya kisa hiki. Mtu anayependa mabehewa bila orodha hununua analolipenda na kuliacha asilolipenda, na hamu yake hutulia kila anaponunua. Mwenye orodha hana uhuru huo. Kila behewa analopata humwonyesha kwa uwazi zaidi yale ambayo hajayapata, kwa kuwa pengo huonekana vizuri zaidi meno yanapoongezeka. Anapokuwa na mabehewa 5 hajioni kuwa amepungukiwa na chochote. Anapofika karibu na mwisho wa orodha na kubakiza mawili au matatu, hayo yaliyobaki humkaa akilini usiku na mchana, na yale aliyonayo huwa kama hayapo.

Sasa katikati ya orodha hiyo zimo namba 6464-510 na 6464-515. La kwanza ni la buluu iliyokaribia kijani, lenye maandishi ya New York Central. La pili ni la manjano, la reli ya Katy. Hayo ndiyo mabehewa mawili ya treni ya waridi, na yalitolewa ndani ya seti ile iliyokataliwa. Kwa hiyo mkusanyaji wa 6464 ambaye hakuwahi kuitamani treni ya wasichana, na pengine aliicheka, anafika mwisho wa orodha yake na kukuta kwamba ufunguo uko mkononi mwa seti hiyo. Sidhani kwamba kampuni ilipanga hivyo. Mtu fulani ofisini alihitaji tarakimu za nyongeza akazichukua zilizokuwa wazi, na uamuzi huo wa dakika chache ukaamua matumizi ya fedha za watu kwa vizazi viwili.

Tumfuate mkusanyaji wa aina hiyo hatua kwa hatua, si kama mtu mmoja ninayemjua bali kama njia ambayo wengi huipita. Anahitaji mabehewa mawili tu. Lakini muuzaji mwenye seti kamili hataki kuivunja, kwa sababu seti ikitolewa mabehewa hayo hubaki na thamani ndogo, na yale yanayouzwa pekee aghalabu ni machakavu au yanatiliwa shaka. Baada ya kungoja sana anapiga hesabu inayoonekana kuwa ya busara: badala ya kulipa bei kubwa kwa mawili, ni afadhali aongeze kidogo achukue seti nzima, yaani kichwa, kigari cha makaa, mabehewa yote matano na reli. Ananunua. Siku ile anaweka mabehewa mawili mahali pake na orodha ya 6464 inafungwa. Mezani, hata hivyo, kimebaki kichwa cha waridi chenye namba 2037-500, behewa la wazi 6462-500, la makaa 6436-500 na la walinzi 6427-500. Tarakimu zilezile 500 zikijirudia mwishoni hazimwachi aamini kwamba ni mabaki. Ni orodha nyingine, fupi na nadhifu, ambayo sasa ni yake, na akiikagua anagundua kwamba vifaa vyake si vya hali moja: kichwa kimekwaruzwa, na makopo meupe yanayopaswa kukaa ndani ya behewa la wazi si ya asili.

Hapa ndipo inapoingia ngazi ya pili, ambayo mimi naiona kuwa hatari kuliko orodha yenyewe. Orodha ya namba ina mwisho, lakini ubora hauna. Chama cha wakusanyaji kiitwacho Train Collectors Association, kilichoanzishwa Pennsylvania mwaka 1954, kimeweka vipimo vya hali ya kifaa kuanzia C-1, ambacho ni takataka, hadi C-10, ambacho ni kipya kisichoguswa. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa bila vipimo vya pamoja kila muuzaji angesema chake ni "safi kabisa" na mnunuzi wa mbali angelia peke yake. Lakini vipimo hivyo vilileta pia jambo lisilokusudiwa: nafasi iliyokwisha kujazwa inaweza kuwa wazi tena. Mwenye behewa la C-7 analo na hana. Akipata la C-8 atalinunua, atakusudia kuliuza lile la zamani, na mara nyingi hataliuza, kwa sababu huwezi kujua. Hivyo rafu huongezeka bila orodha kupungua.

Boksi nalo lina kipimo chake, kinachoandikwa kwa herufi P. Msomaji asiyejua mambo haya huenda akacheka, lakini boksi la karatasi ngumu lenye rangi ya chungwa na buluu, lililochanwa na mtoto asubuhi ya Krismasi na kutupwa na mama yake mchana, ni adimu kuliko chuma na plastiki vilivyokuwa ndani, na kwa baadhi ya seti ukosefu wake hupunguza bei kwa kiasi kikubwa. Kwa seti ya waridi lipo boksi kubwa la nje, yapo maboksi ya kila behewa yenye namba zake ubavuni, na ipo karatasi ya maelekezo. Mtu aliyeanza kwa kupenda reli anajikuta anapigania mnadani boksi tupu. Mimi naiona hatua hiyo kuwa alama ya kweli ya mpaka: kinachonunuliwa hapo hakiwezi kuchezewa, hakiwezi kutazamwa kwa furaha, na hakina kazi nyingine duniani isipokuwa kuziba pengo.

Hata hivyo, orodha na vipimo peke yake vingezaa utaratibu tu, kama wa mhasibu. Kinachoongeza moto ni namna vitu vinavyopatikana. Zamani njia kuu ilikuwa mikutano, na mkubwa kuliko yote hufanyika mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Aprili na wa Oktoba, katika mji wa York, Pennsylvania, ambako wakusanyaji hupita kati ya meza za wenzao wakipekua. Ukipita meza mia unaweza usipate kitu. Meza ya mia na moja ina mzee asiyejua anachouza. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa njiwa na panya kwamba mnyama anayepewa chakula kwa idadi isiyotabirika ya majaribio hubonyeza kitufe kwa bidii na huchelewa sana kuacha hata chakula kinapokatwa, na mashine za kamari zimejengwa juu ya kanuni hiyohiyo. Meza za York zinafanya kazi hiyo bila mtu kuzikusudia. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz naye, alipopima katika kima seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na hamu na thawabu, aliona kwamba mwanzoni ziliamka tone la juisi lilipofika mdomoni, lakini mnyama alipokwisha kujifunza kwamba taa hutangulia juisi, seli ziliamka taa ilipowaka, na juisi yenyewe ilipofika hazikushtuka. Mkusanyaji yeyote mkweli ataitambua hali hiyo. Moyo hudunda anapoiona rangi ya waridi ikichungulia chini ya meza. Kifurushi kinapofunguliwa nyumbani kuna utulivu, na wakati mwingine kuna uchovu.

Angalau York hufungwa, watu wakarudi nyumbani wakakaa miezi sita. Mwezi Septemba 1995 ulianza mnada wa mtandaoni uliokuja kuitwa eBay, na tangu hapo meza haifungwi. Wapo waliotabiri kwamba ungeua uwindaji kwa kuonyesha kila kitu kwa kila mtu, na ni kweli kwamba vifaa vingi vilivyodhaniwa kuwa adimu vilionekana kuwa vya kawaida. Lakini kwa mtu mwenye nafasi wazi, kilichobadilika ni idadi ya majaribio tu. Aliyekuwa akivuta mkono wa mashine mara mbili kwa mwaka sasa anauvuta kabla ya kunywa chai, akiwa kazini, na saa nane za usiku wakati mnada unapofungwa.

Bado hatujaeleza kwa nini mtu mwenye akili timamu, mara nyingi mwenye elimu na cheo, haoni kinachomtokea. Katika kisa hiki jibu liko kwenye rangi. Kwa kuwa kichwa 2037 cheusi ni cha kawaida na bei yake ni ndogo, si vigumu kwa mlaghai kukipaka waridi na kukiuza kama cha mwaka 1957. Mnunuzi hulazimika kusoma: aina za maandishi, mng'ao wa rangi, alama za ndani ya plastiki, namna rangi ya kisasa inavyoonekana chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno tofauti na ya zamani. Ujuzi huo ni wa kweli na unastahili heshima. Tatizo ni kwamba humpa mwenye uraibu jina jingine la kujiita. Mcheza kamari anajua kuwa anacheza kamari, lakini mkusanyaji huamini kwamba anafanya utafiti, anahifadhi historia, anaokoa kitu kisiharibike, na kwa kuwa yote hayo yana ukweli ndani yake, hakuna jamaa anayeweza kumpinga kwa urahisi. Utetezi wa pili ni uwekezaji, nao ni dhaifu zaidi. Mwaka 1980 mwanauchumi Richard Thaler aliipa jina tabia ya mtu kukithamini kitu zaidi kwa sababu tu ni chake, na katika majaribio aliyofanya baadaye pamoja na Daniel Kahneman na Jack Knetsch, yaliyochapishwa mwaka 1990, watu waliopewa vikombe vya kawaida walidai takriban mara mbili ya bei ambayo wasio navyo walikuwa tayari kulipa. Kama kikombe alichopewa mtu dakika chache zilizopita hufanya hivyo, sembuse kichwa cha treni kilichotafutwa miaka 9. Mwenye hazina kama hiyo hukadiria utajiri wake kwa bei ambayo yeye mwenyewe asingekubali kuuza, huku wanunuzi waliokulia miaka ya 1950 wakizidi kuzeeka na wengine wakifariki.

Je, tuuite ugonjwa? Nadhani tuwe waangalifu. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika toleo la tano la mwaka 2013, uliingiza tatizo la kulimbikiza vitu kama ugonjwa unaojitegemea na kuiweka kamari pamoja na uraibu, lakini haukuuhesabu ukusanyaji kuwa maradhi, na kwa haki. Mlimbikizaji hushindwa kutupa chochote na nyumba yake hujaa vurugu asizoweza kuzieleza. Mkusanyaji wa 6464 anaweza kukuambia kila behewa liko wapi, alilipata lini na kwa nani. Lakini ule unadhifu haumtoi mtu katika hatari, na pengine huificha. Idadi ya mabehewa haionyeshi kitu, kwani wapo wenye maelfu wanaolala usingizi mzuri. Ninalolitazama ni jambo dogo zaidi: kama mtu anaweza kuuona mnada unafungwa, akiwa na fedha mfukoni, akauacha upite, na kama bei anayomtajia mwenzi wake ndiyo bei aliyolipa. Hilo la pili wakusanyaji hulifanyia utani sana, na utani unaorudiwa sana huwa na mwenyewe.

Wapo waliofika mbali kuliko boksi tupu. Richard Kughn, tajiri wa majengo kutoka Detroit, alisimulia kwamba akiwa na umri wa miaka 7 aliokota treni ya Lionel iliyotupwa kwenye pipa la taka na kuitengeneza nyumbani. Akawa mkusanyaji mkubwa, na mwaka 1986 akainunua biashara yenyewe ya Lionel. Mwaka 1995 akaiuza kwa kundi ambalo ndani yake alikuwamo mwanamuziki Neil Young, naye akiwa mpenzi mkubwa wa treni hizo. Simtaji Kughn kama mgonjwa. Alikuwa na fedha za kutosha na hakumdhulumu mtu. Namtaja kwa sababu yeye peke yake angeweza kuimaliza orodha, kwa kuwa kiwanda kilikuwa chake, na mikononi mwake orodha ilirefuka.

Mwaka 1991, chini ya umiliki wake, Lionel ilitoa upya treni ya waridi kwa ajili ya wale wasioweza kuimudu ile ya 1957. Ilikuwa na rangi zilezile na mabehewa ya mtindo uleule, kwa bei ya mtu wa kawaida, na ingedhaniwa kwamba kiu ingepungua. Wenye seti ya asili waliinunua pia ili waziweke mbili sambamba, na wasiokuwa na ya asili wakaipata na kuanza kuitafuta ile nyingine. Kampuni ilikuwa imekipa kichwa kipya namba yake, 18014, na katika vitabu vya wakusanyaji kina mstari wake, wenye nafasi pembeni ya kuandika hali ya kifaa na hali ya boksi.